Mikono Isiyotazama

Mimi ni fundi wa kushona, na kwa miaka kumi ukuta wangu wa kushoto ulikuwa ukuta wa kulia wa Télesphore. Ulikuwa wa matofali mabichi, ukuta usiozuia kitu, kwa hiyo maisha yake yote ya kazini niliyasikia. Nilisikia akikohoa, nilisikia akimrekebisha mteja aliyesahau tarehe ya ndoa yake mwenyewe, na zaidi ya yote nilisikia akipiga herufi. Mtu wa vidole viwili unamjua hata ukiwa umempa mgongo: ta, kimya, ta, kimya, anatafuta. Télesphore alipoandika ilikuwa mvua juu ya bati. Wateja wangu waliokuja kupimwa nguo walikuwa wanauliza kuna nini kule ng'ambo, na mimi nilijibu kwa majivuno, kana kwamba kipaji kilikuwa changu.

Duka lake tuliliita sekretariati, kama kwetu Bukavu, Kongo. Meza moja, kompyuta moja, printa moja yenye hasira kuliko mimi. Pale ndipo kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, ilipoandikiwa barua zake: maombi ya kazi, mialiko ya harusi, ratiba za ibada, na yale masimulizi marefu ya jinsi mtu alivyokimbia, ambayo watu walikwenda nayo maofisini wakirudi nayo yamekunjika. Télesphore aliyaandika yote kwa uso uleule, mwembamba, miwani ikiwa imeshikwa na uzi mweusi niliompa mimi. Wote tulimwita Papa Sophie, kwa jina la kifungua mimba wake ambaye alishapata safari ya Australia.

Kazi hiyo alijifunza Bukavu mwaka sabini na nane, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Alinisimulia mara nyingi mno, nami sikuchoka. Mwalimu aliwafunga kitambaa shingoni, kikashuka mpaka juu ya mashine ya kupiga chapa, mikono ikafichika chini yake. Aliyechungulia alipigwa rula. Baada ya miezi minane mikono ilikuwa inajua njia yenyewe, na Télesphore akaajiriwa katika kampuni moja ya chai, akaandika barua za wakubwa kwa miaka kumi na saba bila hata siku moja kutazama vidole vyake. Vita vikaja, vikaondoka na kampuni, na mwaka elfu mbili na tatu akafika Dzaleka na begi moja na mikono hiyo.

Kompyuta aliipata mwaka elfu mbili na sita, shirika fulani lilipofunga mradi wake na kugawa vifaa. Siku ya kwanza alitoka nje akiwa karibu kulia. Huku Malawi vitufe vya kibodi vimepangwa Kiingereza, kwetu vimepangwa Kifaransa. Tofauti yenyewe si kubwa: a na q zimebadilishana viti, z na w vilevile, m imesukumwa pembeni. Kwa mtu anayetazama anapobonyeza, si kitu. Kwake ilikuwa sawa na kuingia jikoni kwako ukakuta mgeni amehamisha vyungu. Bahati kulikuwa na Mkongo mmoja aliyesomea mambo hayo, akaingia ndani ya mashine akaiambia ijifanye ya Kifaransa. Kuanzia hapo, kilichochapwa juu ya vitufe kilikuwa uongo mtupu, ukibonyeza q unapata a, na Télesphore hakujali hata kidogo, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kutazama vitufe. Aliweka sheria moja tu: mkono wa mtu mwingine usiguse kibodi ile.

Nisiseme kwamba alikuwa na raha. Mashine ile ilimtesa, na kila mwaka ilibuni mateso mapya. Kwanza ilikuwa ile mistari myekundu. Akiandika Nibigira, mstari mwekundu. Akiandika Nsabimana, mstari mwekundu. Bukavu yenyewe, mji mzima na watu wake, kosa. Barua ya Kiswahili ilipokamilika ilionekana imechinjwa. Kisha zikaja flashi za watu na virusi vyao, mafaili yakageuka vialama visivyofungua chochote. Kisha printa, ambayo Jumatatu ilitambuliwa na Jumanne ikaulizwa wewe ni nani. Mteja akileta barua iliyoandikwa kwenye kompyuta mpya ya mjini, ikifunguliwa kwa Télesphore inatawanyika, sahihi ukurasa mwingine, namba ya simu peke yake chini kabisa kama mtoto aliyesahauliwa kanisani. Programu ya kuandikia ilimhesabia siku zilizobaki, kumi na nne, tatu, moja, halafu ikakataa kuhifadhi. Akiweka bando la intaneti asubuhi, kabla hajafungua hata barua pepe moja mashine ilishalinywa lote, bila kusema lilikuwa la nini.

Mimi niliikasirikia kwa niaba yake. Cherehani yangu ni ya miguu, ina umri kunizidi, na haijawahi kuniambia asubuhi kwamba jana ilijibadilisha tabia. Ikitaka mafuta inapiga kelele, naipa, yameisha. Siku moja nilimwambia hivyo kupitia dirishani.

"Sylvie," alinijibu bila kusimamisha mikono, "we unashonaka nguo. Mi nashonaka maneno. Maneno njo iko na matatizo mingi."

Alichoka, lakini alichoka kimya. Kila siku aliomba radhi kwa niaba ya mashine, mteja baada ya mteja, na jioni alifunga duka akiwa na sura ya mtu aliyeshinda anabembeleza mtoto wa mwenzake.

Sasa nifike kwa Maimouna.

Maimouna ni binti wa Zaina, mwanamke wa Kindu aliyekuwa akiniletea vitenge kutoka Lilongwe tangu nianze kazi. Zaina ni mfanyabiashara wa damu, anaongea haraka, anacheka haraka, na binti yake ni kinyume. Maimouna alimaliza sekondari kwa kuchelewa, kwa sababu miaka mitatu ya shule iliishia njiani tulikopita wote, lakini alimaliza wa kwanza. Tangu hapo alikuwa anafundisha watoto wadogo kambini na kungoja. Mwaka elfu mbili na kumi na sita likatoka tangazo la ufadhili: miaka minne ya chuo kikuu, uuguzi, nje ya nchi, kila kitu kimelipwa. Maombi yanatumwa kwenye tovuti tu. Mwombaji asizidi miaka ishirini na mitano. Kwenye kadi ya ukimbizi Maimouna alizaliwa tarehe moja Januari, kama nusu ya kambi isiyo na tarehe kamili, na tarehe moja Januari iliyokuwa inakuja ingemtimizia ishirini na sita. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huu, au basi.

Tovuti iliwafungulia wiki mbili. Ilitaka vyeti, ilitaka picha, na ilitaka insha ya Kiingereza ya maneno mia sita kueleza maisha yake na kwa nini anataka uuguzi. Insha hiyo niliisikia ikizaliwa. Kila siku baada ya watoto kutoka shule, Maimouna alikaa kwenye kigoda pembeni ya Télesphore akasema sentensi, na mvua ikanyesha juu ya bati, kisha kimya, kisha akasema, "Hapana, Papa Sophie, futa ile." Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini nilijua walipofika kwenye kifo cha dada yake aliyefia njiani, maana Télesphore alisimamisha mikono katikati ya sentensi, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Hawakuchapisha karatasi hata moja. Wino wa printa ulikuwa karibu kwisha, na walikubaliana wachapishe mwishoni, ikiwa safi. Mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Jumanne jioni insha ilikuwa imekamilika.

Jumanne hiyohiyo, Télesphore alipotaka kuzima, skrini ikamwandikia kwamba tafadhali asizime, inajiandaa. Kwa miezi mashine ile ilikuwa inamtolea kidirisha pembeni kikimkaribisha kwenye mfumo mpya, naye kila siku alikifunga kwa adabu, kama unavyomfungia mlango muuza dawa. Siku ile sijui alibonyeza nini, au hakubonyeza kitu. Aliiacha ijiandae, akafunga duka.

Jumatano asubuhi nilikuwa nakunja pindo la gauni nikasikia mvua fupi, kisha kimya. Mvua fupi, kimya. Nikaenda kuangalia. Skrini ilikuwa na sura nyingine, picha nzuri ya bahari ambayo hakuna aliyeiomba, na katikati kisanduku cha neno la siri. Télesphore aliandika, vikatokea vidoti vyeusi, akabonyeza, na mashine ikamwambia neno hilo si sahihi.

"Inanikatalia," alisema. "Mi njo mwenye nyumba, inanikatalia."

Akarudia. Akarudia tena. Baadaye ikaanza kumwambia asubiri kabla ya kujaribu tena, kwanza kidogo, halafu zaidi, kama karani aliyekuchoka. Saa nne Maimouna akafika mbio, mtu alishamwambia. Alisimama nyuma ya kiti, akatazama mikono ya mzee ikipiga, akatazama vidoti.

"Papa Sophie," alisema kwa sauti ya chini, "ujaribu kuangalia ma-touche. Polepole, moja-moja."

Télesphore akageuka, kana kwamba kuambiwa atazame vitufe ni tusi.

"Maimouna, mi siangaliake ma-touche. Tangu mwaka ya sabini na nane siangaliake."

"Najua, papa. Lakini pengine..."

"Kosa haiko mu mikono yangu. Ile machine imebadilika, imesahau mot de passe. Njo vile tu."

"Basi unipe mi niandike. Unitajie."

"Mot de passe ni ya mutu mumoja," alisema, na hapo mazungumzo yakaisha. Maimouna aliinama, akaomba radhi, akaondoka kwenda kwa wanafunzi wake. Ni msichana aliyelelewa vizuri, na mara nyingine najiuliza ingekuwaje kama asingelelewa vizuri hivyo.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa palepale mlangoni, nikimuunga mkono mzee. Nilisema mashine za siku hizi hazina heshima. Nilisema mengi.

Jumatano ikaisha hivyo, na Alhamisi pia. Alhamisi mchana hakufungua hata kwa wateja wengine. Alipiga neno la siri, akasubiri, akapiga, akasubiri. Mwisho akampigia simu Apollinaire, Mrundi anayetengeneza kompyuta Nsungwi, kule Area 25 Lilongwe, naye akasema, "Muzee, ilete hapa kesho asubui, nitaifungua." Jioni nilimuuliza Télesphore kwa nini wasianze upya tu, insha iko kichwani mwa mtoto. Akaniambia kwa Apollinaire ni kazi ya saa moja, na insha ile haiwezi kuandikwa mara mbili. Nilimwelewa. Hata mimi gauni la harusi lililokaa vizuri siwezi kulirudia.

Ijumaa tukaondoka watatu, mimi nikiwa na safari yangu ya zipu na nyuzi. Kasha la kompyuta tulilifunga kwa kitenge changu na Maimouna akalipakata njia nzima, amelikumbatia kwa mikono miwili, kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabarani na kwenye minibasi mpaka mjini. Télesphore alikaa mbele yetu na mara kwa mara aligeuka kuangalia, sijui kama alimwangalia binti au kasha.

Saa tatu na nusu tulikuwa Nsungwi. Apollinaire ni mtu mwema mwenye duka dogo lililojaa mifupa ya kompyuta. Alichomeka waya zake, akaona kile kisanduku, akatikisa kichwa.

"Nitaifungua, muzee, lakini kuna njia mbili. Ya haraka inafuta vyote."

"Hapana kufuta!" Télesphore na Maimouna walisema pamoja.

"Basi ile ya polepole. Nitoe kwanza mafaili. Munipe masaa mbili."

Alianza. Saa tano, umeme ukakatika. Mwaka ule umeme ulikuwa unakatika Lilongwe kama mtu anayepepesa macho, lakini siku ile ulifumba na kulala. Mtaa mzima ukanyamaza, vinyozi wakatoka nje, na sehemu ya intaneti iliyokuwa mlango wa tatu ikafunga pazia. Saa sita. Saa saba. Maimouna aliomba maji, akatawadha, akaswali nyuma ya maboksi ya Apollinaire. Niliwaletea nsima, ugali wa huku, na maharage, hakuna aliyemaliza. Télesphore alikaa mbele ya skrini nyeusi mikono yake ikiwa juu ya magoti, na vidole, nilivitazama, vilikuwa vinatembea kidogokidogo juu ya suruali. Alikuwa anapiga neno lake la siri kwenye goti.

Umeme ulirudi saa tisa na nusu. Apollinaire akasema sasa anaanza upya na hawezi kuahidi. Hapo mimi sikuomba ruhusa ya mtu.

"Musimame!" niliwaambia. "Tuende kwa intaneti. Maimouna atasema, Papa Sophie utaandika. Kama ni mistari kumi, itakuwa mistari kumi."

Walinifuata. Tulipanga foleni zaidi ya nusu saa mpaka tukapewa kompyuta ya pembeni, na Maimouna akaanza kwa Kiingereza, jina langu ni Maimouna. Télesphore alinyoosha kifua kama mpiga kinanda, akatazama ukutani, na mvua ikanyesha. Sekunde mbili tu. Kisha Maimouna akasema, "Papa."

Akatazama skrini. Pale palikuwa pameandikwa:

*:y nq;e is :qi;ounq*

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilidhani ni virusi. Maimouna hakucheka. Télesphore aliyatazama maandishi yale, halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa miaka kumi: aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake, na vitufe vilivyokuwa chini yake.

"Ni ya Kiingereza," alisema taratibu. "Hii ni ya Kiingereza." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, "Na ile kwetu pia. Imerudia Kiingereza."

Alisimama, akaangusha kiti, akatoka. Nilimkuta kwa Apollinaire ameinama juu ya kibodi pua ikikaribia kuigusa. Kwa kidole kimoja, kile cha shahada, akitafuta kama mtoto wa darasa la kwanza, alibonyeza herufi moja, akatafuta, akabonyeza nyingine. Neno lenyewe lilikuwa Bagira, mtaa aliozaliwa. Herufi sita. Kwa siku tatu mikono yake ilikuwa imeandika *Bqgirq*, na vidoti vilificha, maana vidoti ni vyeusi vyote.

Mashine ikafunguka. Picha ya bahari ikaondoka, mafaili yakajipanga, na insha ilikuwa pale, maneno mia sita, haijaguswa.

"Muzee," Apollinaire alisema kwa mshangao, "hii haikuharibika kitu."

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Faili zikatiwa kwenye flashi, tukarudi mlango wa tatu mbio, mimi na viatu mkononi. Safari hii Maimouna ndiye aliyekaa kwenye kibodi na hakuna aliyebisha. Sasa kila mtu mtaani alikuwa amerudiwa na umeme na kila mtu alitaka intaneti. Ukurasa ulichukua dakika kumi kufunguka. Ulipofunguka ulisema haumtambui kwenye kompyuta hii, kwa usalama wake umetuma namba kwenye simu aliyoandikisha. Simu ilikuwa ya mama yake. Mama yake alikuwa Dzaleka.

Nilimpigia Zaina. Alikuwa sokoni kati ya wateja, nikampigia kelele asome ujumbe uliotoka kuingia.

"Ngoja, ngoja... Mbili. Tisa. Tisa. Nne... Sylvie, iko bien? Mutoto iko bien?"

"Endelea!"

"Sifuri. Moja. Hiyo njo bourse ya masomo?"

"Njo hiyo, mama," Maimouna alijibu akiandika. "Utuombee."

Ukurasa ukamkubali. Akaweka cheti, ukazunguka, kikaingia. Akaweka picha, ukazunguka. Saa kumi na dakika hamsini na tatu akaweka insha, na kile kiduara kikaanza kuzunguka, na kuzunguka, na sisi watatu tukakitazama. Zaina alikuwa bado hewani, nilimsikia akisoma dua. Télesphore alisimama nyuma, mikono ameificha mifukoni.

Kilipoacha kuzunguka, ukurasa ulikuwa mweupe wenye mstari mmoja: muda wa kupokea maombi umekwisha. Saa ya pembeni ya skrini iliandika kumi na moja na dakika moja.

Maimouna alibonyeza tena. Akabonyeza tena. Kijana wa pale akaja, akasoma, akasema pole kwa Kichewa na kuondoka. Nikachukua simu nikamwambia Zaina imekataa. Zaina akasema, "Murudi pole-pole," simu ikakatika.

Njiani nilimsemesha Télesphore. Niliona anaelekea kujitwika kosa lote, na sikupenda. Nilimwambia kosa ni la ile mashine. Nani aliiambia ibadilike usiku mtu akiwa amelala? Nani aliiambia ihamishe herufi za mtu bila kumuuliza? Mtu akiingia nyumbani kwako akageuza kufuli, mwizi ni yeye au ni wewe? Mwambie Zaina ni mashine, nilimwambia, na wala hutakuwa umedanganya. Maimouna, kasha mapajani, alitazama nje. Tuliposhuka Télesphore alisema tu, "Aksanti, Sylvie."

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwa Zaina. Habari ilishafika kila nyumba, na kila nyumba ilikuwa inatukana kompyuta. Mama mmoja alisema printa iliwahi kumlia karatasi za hospitali. Mwingine akasema simu ya mwanawe ilifuta picha za marehemu. Zaina alikuwa amekaa mkekani katikati yao, macho mekundu, anakunja vitenge ambavyo vilishakunjwa. Alipomwona Télesphore alijivuta kumpa nafasi.

"Karibu, Papa Sophie. Ikala. Hizi machine, Mungu azichome. Leo inakujua, kesho haikujui. Siku tatu we unahangaika nayo juu ya mutoto yangu, mi najua, bote banaona. Ikala, umechoka."

Nilifungua mdomo kuitikia. Ilikuwa imebaki kukaa tu. Kungekuwa na chai, kungekuwa na matusi kwa mashine, na baada ya hapo kila mtu angeenda kufanya kazi yake.

Télesphore hakukaa.

"Mama Maimouna," alisema, "haikukuwa machine."

Nikamvuta shati kwa nyuma. Hakugeuka.

"Mercredi asubui, ile siku ya kwanza, Maimouna alinambia niangalie ma-touche. Alinambia mbele ya Sylvie. Mi nikakataa, nikaona ni kunizarau. Kama ningeangalia ingefunguka palepale, na tungekuwa na siku tatu. Mutoto yako alijua, mi mukubwa sikutaka kujua. Ile bourse, ni mimi niliiua."

Maimouna, ambaye hakuwa amemwambia mama yake neno hilo, alifunika uso kwa mtandio. Zaina aliendelea kukunja kitenge, akakilaza, akakilainisha kwa kiganja. Kisha akainua macho.

"Papa Sophie," alisema taratibu, bila hasira, "ungesema tu ni machine. Tungelia bote pamoja."

Hakumwambia tena akae.